Vitu 412, daftari moja lililoliwa na mchwa, na kamati inataka tovuti kabla ya Desemba

#1 MtunzaFunguo

Wadau, hamjambo. Naandika kutoka upande wa Maseno, si mbali na pale mstari wa ikweta unapokatiza barabara. Tuna makumbusho madogo ya jamii: vyumba viwili vya iliyokuwa zahanati, paa la mabati, kufuli moja. Funguo ninazo mimi. Nilikuwa mwalimu wa Historia, nikastaafu, nikapewa kazi hii kwa kosa la kuchelewa kutoka mkutanoni.

Ndani kuna vitu 412. Nimevihesabu mara tatu na mara mbili nikapata jibu hilo. Vyungu, mawe ya kusagia, ngao, viti vya miguu mitatu, karabai za stesheni ya reli, Biblia kuukuu za Kidholuo, majembe ya kufuliwa, cherehani ya Singer isiyo na gurudumu. Vyote viliandikwa katika daftari la jalada gumu kuanzia 1984. Mchwa waliingia ukurasa wa 31 wakatokea wa 38.

Sasa kamati inataka "kila kitu kiwe mtandaoni" kabla ya Desemba, kwa kuwa wana wetu walio ughaibuni wameahidi kuchanga wakiona picha. Kijana mmoja ametutajia bei ya tovuti ambayo kwa hesabu zangu ni ng'ombe wawili wa maziwa, mmoja akiwa na ndama. Nikaomba nijaribu kwanza kwa Excel, kwenye laptopu ya mjukuu.

Tumeingiza vitu 140 hivi. Nambari za daftari letu zinakwenda hivi: mwaka, nukta, halafu kitu cha ngapi mwaka huo. Kwa hiyo 1987.10 ni kitu cha kumi kilichopokelewa 1987, nacho ni nyatiti, ala yetu ya nyuzi ya Wajaluo. Juzi naitafuta nyatiti kwenye laptopu, 1987.10 haipo. Badala yake nina 1987.1 mbili. Moja ni jiwe la kusagia. Nyingine imeandikwa "gitaa ya kienyeji" (mjukuu ndiye aliyekuwa akichapa, tumeshaongea). Mashine imekula sufuri. Na 1987.20 imegeuka 1987.2. Sijui ni ngapi zimeliwa hivyo.

Tuanzie wapi? Na ile bei ya ng'ombe wawili ni ya haki?

#2 FundiKondele

Mwalimu, pole. Excel ikiona 1987.10 inadhani ni hesabu, na katika hesabu sufuri ya mwisho baada ya nukta haina kazi. Ungeandika 3/12 ingekugeuzia kuwa tarehe 3 Desemba bila kukuuliza. Dawa: chagua safu nzima, iambie ni maandishi kabla hujaanza kuchapa. Zilizokwisha kuliwa hazirudi, itabidi ufungue daftari upya.

Lakini kwa nini mhangaike na Excel? Leteni picha, niwatengenezee programu ya simu. Kila kitu kibandikwe msimbo wa QR, mgeni aelekeze kamera, asome historia. Wiki mbili tu. Bei tutaelewana, si ya ng'ombe.

#3 MamaRejista

Mwalimu, shikamana na daftari lako. Nimekaa stoo za makumbusho miaka mingi, na kila mradi niliouona ukifa ulianzia kwenye tovuti.

Hapa Kitale makumbusho yetu yalitokana na mkusanyiko alioanza Stoneham, mlowezi, mwaka 1926. Yalifunguliwa kwa umma 1974. Mtu yule alikusanya wadudu kwa wingi, vipepeo hasa. Waliofanya kazi na vipepeo watakwambia kwamba chini ya kila mmoja, kwenye pini ileile, hukaa kikaratasi kidogo kuliko ukucha: mahali alipokamatwa, tarehe, nani alimkamata. Kikaratasi kikidondoka, kipepeo ni mdudu aliyekufa tu. Mrembo, lakini hana la kumwambia mtafiti. Na nyatiti yako ni hivyohivyo.

Nambari za zamani usizibadilishe. Najua utashawishika kuzipanga upya zipendeze. Usithubutu. Kuna barua, risiti, pengine picha ya harusi ya mtu imeandikwa nyuma "1987.10", na siku utakapobadilisha, uzi unakatika. Fanya safu mbili. Ya kwanza ni nambari ya daftari kama ilivyoandikwa, hata kama imekosewa. Ya pili ni nambari ya mashine: herufi za makumbusho yenu mbele, halafu sufuri za kujazia. Mathalani MK.1987.010. Herufi zikiwepo mashine haithubutu kuifanya hesabu, na sufuri za kujazia zinafanya 010 ikae baada ya 009, isiruke ikaja baada ya 001.

Kuanzia leo, vinavyoingia vipya vipeni nambari ya sehemu tatu: mwaka, mzigo, kitu. Mtu akileta ngao na mikuki miwili siku moja, huo ni mzigo mmoja wenye vitu vitatu. Vilivyokuja pamoja visiachane hata vikiwekwa rafu tofauti.

Halafu nambari iende kwenye kitu chenyewe. Hapa watu huharibu. Msitumie rangi ya kucha, hugeuka njano na kubanduka. Msitumie Tipp-Ex. Selotepu msiguse kabisa. Nimeona kibuyu kimeachwa na kovu la gundi ambalo halitatoka mpaka kiyama. Kwa chuma, jiwe na chungu kilichochomwa vizuri: pakeni utando mwembamba wa Paraloid B-72 (resini angavu) iliyoyeyushwa kwa asetoni, mahali pasipoonekana, ukubwa wa punje mbili za mahindi. Ikikauka andikeni juu yake kwa wino mweusi, kisha utando wa pili. Siku mkitaka kuifuta, asetoni inaitoa na kitu kinabaki salama. Kwa nguo na ngozi hapana: andikeni nambari kwenye utepe wa pamba, nguo ishonewe kwa mishono miwili mitatu legevu, ngozi ifungiwe. Kikapu kifungiwe kadi kwa uzi wa pamba, muandike kwa penseli. Penseli haichuji ikilowa.

Na vaeni glavu, Mwalimu, hasa mkishika vya ngozi na manyoya. Zamani watu walinyunyizia dawa za wadudu ambazo leo hakuna anayekumbuka majina yake, ila sumu haijasahau.

Safu za jedwali msizidishe. Kuna kiwango kinaitwa Object ID, kilizinduliwa 1997 kusaidia kutafuta vitu vilivyoibwa, na kwa makumbusho madogo kinatosha: aina ya kitu, kimetengenezwa na nini, vipimo, maandishi au alama, dosari za kukitambulisha, kinaonyesha nini, cha lini, nani alikitengeneza, maelezo mafupi, picha. Ongezeni nani alikileta na lini, kiko rafu gani, na kinahusiana na kipi.

FundiKondele mwanangu, QR sikukatazi. Lakini utaibandika juu ya kitu gani, na itamwambia mgeni nini? Kwamba hii ni gitaa ya kienyeji?

#4 FundiKondele

😂 Nimekubali, Mama. Ila kazi hiyo ni ya mwaka mzima.

#5 MamaRejista

Piga hesabu, wewe ndiye mtu wa mashine. Kitu kimoja ni dakika 20 ukikitoa, ukikipima, ukikipiga picha, ukikiandika na kukirudisha. Mara 412 ni saa 137 na ushei. Saa mbili kila alasiri, siku tatu kwa wiki: wiki 23. Kamati ikitaka Desemba, na wao waje washike tepu.

#6 KaburuWaNakuru

(Jina ni utani wa shuleni, mimi ni mtu wa Kaloleni niliyehamia Nakuru.)

Mwalimu, Mama amemaliza mambo ya nambari. Mimi naongeza ya picha, kwa sababu sisi watu wa Pwani tumejifunza kwa machungu.

Mwaka 1985 mtafiti Mmarekani, Monica Udvardy, alimpiga picha mzee mmoja wa Kimijikenda akiwa kando ya vigango viwili, yaani nguzo za mbao za kuwakumbuka wafu, alivyowasimamishia ndugu zake waliofariki. Baadaye vigango vikaibwa. Mwaka 1999, akiwa mkutanoni, akaona slaidi ya kigango ambacho alikuwa amekipiga picha yeye mwenyewe. Kimoja kilikuwa Illinois State Museum, na cha pili kikaja kuonekana katika makumbusho ya Hampton University kule Virginia. Familia ilirudishiwa vyote viwili 2007. Miaka ishirini na ushei! Bila ile picha ya 1985 familia ingesema "ni vyetu", na kila mwenye duka la vitu vya kale angejibu "thibitisheni".

Kwa hiyo picha moja ya urembo haitoshi. Pigeni mbele, nyuma, chini, na kila penye ufa. Wekeni rula ndani ya picha na kadi yenye nambari. Nyuma tandikeni kitambaa cha kijivu. Shuka jeupe huidanganya kamera na chungu cheusi kinatoka kama tundu. Kaeni kando ya dirisha, si juani. Jina la faili liwe nambari ya kitu, MK.1987.010_a na kadhalika. Nimewahi kurithi folda ya picha 900, zote IMG na tarakimu, na aliyezipiga alishahamia kwingine.

Na msitumiane picha kwa WhatsApp kama picha za kawaida. Inazikamua mpaka zinapoteza maji. Zitumeni kama hati.

Lingine: si kila kitu kinaingia chumbani. Hapa Nakuru, Hyrax Hill, pale mwanaakiolojia Mary Leakey alipochimba 1937 na 1938, kuna mashimo ya bao yaliyochongwa juu ya mwamba wenyewe. Huwezi kuuleta mwamba rafuni. Kama huko kwenu kuna jiwe la kunolea mikuki au mti wa baraza, mpeni rekodi vilevile, rafu iandikwe "mahali pake".

#7 NyarNam

Nimesoma kimya tangu juzi. Nauliza swali ambalo hakuna aliyeliuliza: nani amewaruhusu?

Mwalimu, katika hivyo 412, hakuna kitu ambacho bibi yako angekufukuza ukikionyesha mbele za watu? Sisi kwetu kulikuwa na chungu cha midomo miwili kilichotolewa mapacha walipozaliwa. Kilitumika, kikafichwa. Leo mnataka mtu akikodolee akiwa ndani ya matatu pale Ahero, huku anakula mahindi.

Sheria ipo: ile ya 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na maonyesho ya kitamaduni inataka jamii yenyewe iridhie. Na ile ya 2019 ya ulinzi wa data: msiweke jina na simu ya mjane aliyeleta fimbo ya mumewe. Hilo ni lake.

#8 KaburuWaNakuru

Dada, nakuheshimu, ila kuficha nako kuna gharama. Vigango havikuibwa kwa sababu vilikuwa kwenye intaneti, mwaka huo intaneti haikuwa imefika huku. Viliibwa kwa sababu hakuna aliyeviandika popote.

#9 NyarNam

Kuandika sijakataza. Nimekataza kutangaza. Hayo ni mawili.

#10 NunuaUza_254

hiyo ngao mnauza? niko nairobi nalipa vizuri, njoo inbox

#11 MamaRejista

Mmeona. Uzi haujamaliza siku nne.

#12 FundiKondele

Huyo #10 amenisaidia kueleza kuliko nilivyopanga.

Mwalimu, kilichopo mtandaoni kisiwe jedwali lako. Kiwe kivuli cha jedwali lako. Jedwali zima, lenye rafu, jina la mleta kitu, simu, thamani, linakaa kwenye mashine isiyounganishwa na tovuti. Kila safu iamuliwe tangu mwanzo: ya umma au ya ndani. Halafu kila kitu nacho kiamuliwe: kionekane na picha, kionekane bila picha, kisionekane kabisa. Kwa hoja ya NyarNam kuna programu inaitwa Mukurtu, ilizaliwa kutokana na kazi na watu wa jamii ya Warumungu kule Australia, ambao walikuwa na swali hilohilo la nani anaruhusiwa kuona nini. Imejengwa juu ya wazo hilo.

Kama mnataka jepesi zaidi, Omeka. Ni programu huria, ilitolewa 2008 na George Mason University ya Marekani, na maelezo yake yamejengwa juu ya Dublin Core, yaani safu 15 za msingi ambazo maktaba na makumbusho mengi duniani yanaelewana kwazo. Mkishasafisha jedwali mnalihifadhi kama CSV (jedwali la maandishi matupu), mnaliingiza lote kwa mkupuo. (Tahadhari: mkifungua CSV tena kwa Excel kwa kubofya tu, kila nambari isiyo na herufi itapoteza sufuri zake upya. Hapo ndipo ule ushauri wa herufi za mbele unapolipa.) Programu ni bure. Mtalipia seva na jina la tovuti kila mwaka, na hapo ndipo vijana kama mimi huwa hatusemi: mwaka wa kwanza mfadhili yupo, wa pili tovuti inafungwa. Kamati ikishindwa kulipia miaka mitatu mbele, bora PDF na picha kwenye flashi.

Nakala: tatu, katika vifaa vya aina mbili, moja ikae nje ya jengo. Ukanda wetu huu radi haibishi hodi. Shule moja ninayoijua ilipoteza tarakilishi zote alasiri moja, na diski ya akiba ilikuwa imechomekwa kwenye mojawapo.

Neno la "gitaa" sasa. Wekeni safu mbili za jina: jina la jumla na jina la wenyewe. Nyatiti ya Wajaluo, litungu ya Wabukusu, obokano ya Wagusii, zote kwa jumla ni vinubi. Mtu akitafuta "kinubi" azione zote, akitafuta "nyatiti" aione nyatiti tu. Mkubaliane orodha fupi ya majina ya jumla, muibandike ukutani, mjukuu asibuni.

Bei ya ng'ombe wawili: kama ni tovuti tupu bila data, ni wizi. Kama kijana atakaa nanyi wiki 23, amewahurumia.

#13 MwanafunziKakamega

Samahani wakubwa. Je, kuna orodha ya vitu vyetu vilivyoko ng'ambo? Isukuti, ngoma zetu Waluhya, ziko huko pia?

#14 MamaRejista

Ipo, mwanangu. Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya yalishirikiana na wasanii wa hapa na makumbusho ya Cologne na Frankfurt, wakakusanya rekodi za vitu zaidi ya 32,000 vya Kenya vilivyo katika taasisi 30 za nje. Maonyesho yake yalifanyika Nairobi 2021. Kama isukuti zimo, tafuta. Na ukitafuta utaelewa kwa nini nawachosha kuhusu majina: andika neno hilo kwa kila tahajia unayoweza kuifikiria, maana aliyeliandika mara ya kwanza huenda alilisikia mara moja tu.

#15 MtunzaFunguo

Wiki sita zimepita. Nimekuja kulipa deni.

Kwanza, kamati imekubali Desemba isiwe ya tovuti. Walikubali baada ya mwenyekiti mwenyewe kushika tepu alasiri moja na kumaliza vyungu vinne. Tumefika kitu cha 97. Tunachelewa, hesabu ya Mama haikuhesabu mvua wala mazishi.

Pili, chungu cha midomo miwili. NyarNam, tunacho. Nilikaa kimya uliposema, kwa sababu kilikuwa rafu ya mbele kabisa, watoto wa shule wanakipita kila mwezi. Tuliwaita kina mama wazee watano. Wawili walisema kirudishwe ndani, wawili wakasema siku hizo zimepita, wa tano akaomba apewe muda. Kina rekodi, picha ipo kwenye mashine ya ndani, na rafuni tumeweka kadi tupu yenye nambari. Wageni huuliza. Bado sijapata jibu zuri la kuwapa.

Tatu, ile nyatiti. Mistari miwili baada yake, 1987.11 na 1987.12, ni chakula cha mchwa. Ya kwanza imebaki "pete ku" na ya pili haikubaki kitu. Tulikuwa na kasha la "visivyojulikana", na ndani yake pete nene ya chuma ambayo miaka yote nimeidhania ni ya kufungia mpini wa jembe. Tulipoanza kuwaonyesha wazee picha, binti wa aliyeileta nyatiti, naye sasa ni nyanya, akaitazama ile ya pete kwenye laptopu, akavua kiatu chake cha kulia, akaniomba pete yenyewe. Akaivaa kwenye kidole gumba cha mguu, akagonga ubao wa benchi mara mbili. Tok, tok. Akasema baba yake alikuwa akicheza anagonga hivyo kwenye mti wa nyatiti, na njuga zikilia mguuni. Njuga tumezikuta siku ya tatu, nyuma ya cherehani.

Mjukuu ameandika hii mwenyewe, sikumsaidia:

*MK.1987.011. Nambari ya daftari: 1987.11 (mstari umeliwa na mchwa; imetambuliwa na binti wa mleta kitu). Jina la jumla: pete ya mguu. Jina la wenyewe: oduong'o. Chuma. Kipenyo sm 7.2. Imelika upande mmoja, panapogonga. Inahusiana na MK.1987.010 (nyatiti, nyuzi nane, mbili zimekatika) na MK.1987.012 (gara, yaani njuga). Huvaliwa kidole gumba cha mguu wa kulia. Picha: a, b, c, d. Umma: ndiyo.*

Mama Rejista, swali: Paraloid juu ya chuma chenye kutu, tunaisugua kwanza au tunaiacha?

#16 MamaRejista

Kutu iliyoshikana iacheni. Inayopukutika iondoeni kwa brashi laini kavu, msitumie maji. Na msiandike pale ilipolika.